Kamera gani kwa wavuvi wa omena usiku: Nikon D700 ya mwaka 2008 au Olympus TG-6 isiyoingia maji?

Muulizaji, Kisumu

Hamjambo nyote. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa, kwa maana nimebaki katikati ya kamera mbili ambazo bei zake zinakaribiana ilhali zenyewe hazifanani hata kidogo.

Kwa mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikiwapiga picha wanawake wanaoanika na kuuza omena, yaani dagaa, katika fuo za Dunga na Usoma, Ziwa Victoria. Kazi hiyo yote nimeifanya kwa simu, na picha za mchana zimeniridhisha. Imebaki nusu ya pili, nayo ndiyo ngumu: usiku wenyewe, wakati mashua zinapotoka gizani, taa zinawashwa juu ya maji ili omena wakusanyike, kisha nyavu zinavutwa. Uvuvi huo hufanyika usiku usio na mbalamwezi, kwa hivyo mwanga pekee uliopo ni wa zile taa. Nimekwisha kwenda mara mbili kama abiria, na mara zote mbili simu yangu ilirudi na madoa ya njano juu ya weusi mtupu. Nyuso za watu hazikuonekana.

Kamera ya kwanza ninayoifikiria ni Nikon D700 iliyotumika, pamoja na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8D (f ni kipimo cha mwanya wa lenzi; namba ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia). Muuzaji mmoja wa hapa mjini anaitisha shilingi 52,000. Ya pili ni Olympus Tough TG-6, nayo pia imetumika, na mwenyewe anataka shilingi 45,000. D700 ilitoka mwaka 2008 na TG-6 mwaka 2019. Zote mbili zina pikseli milioni 12, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa, kwa sababu rafiki yangu anasisitiza kwamba idadi ikiwa sawa basi iliyo mpya haiwezi kushindwa na iliyozeeka, tena iliyo mpya ina video na inazama majini mita 15 bila kudhurika.

Nikimaliza, ninakusudia kuchapisha picha kama 20 za ukubwa wa A3, zitundikwe ufuoni hapo hapo ili wenyewe wajione. Jumamosi nyingine huitwa kupiga picha za harusi na harambee za kanisa, lakini sitaki harusi ziamue jambo hili. Ziwa ndilo liamue. Tafadhali msiniambie ninunue zote mbili, maana uwezo huo sina.

Mpiga picha wa harusi na ndege, Nakuru

Dada, pokea salamu kutoka Nakuru. D700 nimeifanyia kazi miaka tisa, na TG-5, ambayo ni ndugu mkubwa wa hiyo TG-6, imekuwa kwenye gari langu tangu 2018. Naomba nieleze kwa kirefu, kwa sababu hilo la pikseli limewapotosha wengi.

Anza kwa kuusahau usawa wa zile milioni 12. Uliza zimetandazwa juu ya eneo gani. Sensa, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kwenye D700 ina upana wa milimita 36 na kimo cha karibu milimita 24. Sensa ya TG-6 ina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6 hivi. Ukizidisha, ya kwanza ina eneo la zaidi ya milimita za mraba 850 na ya pili kama 28, yaani moja ni kubwa kuliko nyingine takribani mara 30. Fikiria nyumba mbili zinazovuna maji ya mvua: moja imeezekwa mabati 30, nyingine ina bati 1. Mvua inayonyesha ni ile ile, na hata kama kila nyumba imegawanya maji yake katika vikopo milioni 12, vikopo vya nyumba ya pili vitapata matone machache mno. Mchana wa jua kali wa Kisumu hutaiona tofauti hiyo, kwa kuwa mvua ya mwanga ni nyingi na kila kikopo kinajaa. Usiku, kwenye taa ya mashua, ndipo vikopo vidogo vinapobaki karibu vitupu, na kamera inalazimika kukisia. Matokeo yake ni chenga, yaani punjepunje juu ya picha, au mbaya zaidi, programu iliyo ndani ya kamera inajaribu kuzifuta chenga na kuufuta uso wa mtu pamoja nazo.

Ni kweli kwamba sensa ya TG-6 ni ya kizazi kipya kuliko ya D700 kwa miaka kumi na zaidi, na ufundi huo unapunguza pengo. Unalipunguza tu. Miaka kumi ya maendeleo haijaweza kulipa deni la mara 30.

Jambo la pili ni lenzi. TG-6 inaanza kwa f/2.0 ikiwa imefunguka kwa upana, na hiyo ni sifa nzuri kwa kamera ya aina hiyo. Lakini ukiivuta ili kumsogeza mvuvi aliye mwisho wa mashua, mwanya unajibana hadi f/4.9, na hapo unakuwa umepoteza mwanga mara 6. Ile milimita 50 ya f/1.8 haivutiki kabisa. Utasogea kwa miguu, na ndani ya mashua miguu haina pa kwenda. Ujue hilo mapema.

Utaambiwa pia kwamba TG-6 ina mfumo wa kutuliza mtikisiko na D700 haina. Ni kweli. Hata hivyo mfumo huo unatuliza mkono wako wewe, hautulizi mkono wa mtu anayevuta nyavu wala mashua inayopanda na kushuka. Utahitaji kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ya sekunde 1/100 au karibu na hapo, na kasi hiyo inataka mwanga. Mimi kwenye D700 hufika ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kamera kuukuza mwanga mdogo) ndani ya kanisa lenye giza na bado naiuza picha. Kwenye TG-5 nikipita ISO 1600 huwa najua ninapiga kwa ajili ya kumbukumbu, si kwa ajili ya ukuta.

Kwa mwanga, basi, hakuna ushindani. Upande wa maji naomba usikilize kwa makini zaidi, kwa kuwa hapo D700 inasifiwa kupita kiasi. Mwili wake ni wa aloi ya magnesi na maungio yake yana mpira wa kuzuia vumbi na manyunyu. Nimeitumia kwenye vumbi la Safari Rally kule Naivasha tangu mashindano hayo yaliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, nayo haikunilalamikia hata siku moja, ilimradi sikubadilisha lenzi nje ya gari. Lakini kuzuia manyunyu na kuzuia maji ni mambo mawili tofauti. Watengenezaji hawakutaja kina chochote ambacho D700 inaweza kuhimili. Tena ile lenzi ya f/1.8D haina mpira pale inapoungana na kamera, kwa hivyo wimbi moja likikupiga kutoka mbele, maji yatapita hapo hapo. Mimi nilinyeshewa kwa dakika kumi tu kando ya Ziwa Nakuru nikisubiri wari watue. Kamera ilipona. Lenzi niliifungia kwenye begi kabla haijakauka, na miezi mitatu baadaye ilikuwa na kuvu ndani.

Kuna uzito pia: D700 bila lenzi ni gramu 995, TG-6 yote kwa jumla ni 253. Na kuna video, ambayo D700 haina kabisa. Ikiwa kazi yako inahitaji kuwasikia wavuvi wakiimba wanapovuta, hilo ni pengo la kweli na sitalifunika.

Mpiga makasia, Dunga

Nimesoma maelezo ya ndugu wa Nakuru nikaona nami niongeze ninayoyajua, ingawa sina kamera.

Hizo mita 15 za kuzama, dada, hapa kwetu hazitakusaidia. Maji ya Ghuba ya Winam ni mazito kwa tope na mwani, na ukiingiza mkono hadi kwenye kiwiko, vidole vyako huvioni. Utapiga picha ya rangi ya kijani. Zaidi ya hayo, maji ya ukingoni yana kichocho, na sioni sababu ya mtu kujitia humo kwa ajili ya picha.

Hatari ya usiku ni mbili: upepo ukigeuka ghafla, na maji yanayotoka kwenye nyavu zenyewe. Nyavu zikipandishwa, kila mtu aliye karibu analowa. Kaa upande ambao nyavu hazivutwi. Kamera iweke ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa vizuri, ile yenye mfuniko unaobana, na taulo kavu chini yake. Ndoo hiyo ikianguka ziwani inaelea. Usiivae kamera shingoni unapovuka kutoka mashua moja hadi nyingine; mpe mtu akushikie, uvuke kwanza, kisha uipokee. Na jaketi la kuokolea maisha livae wewe kabla ya kuifikiria kamera.

Ombi langu la mwisho ni kwamba usitumie flashi wakati nyavu zinavutwa. Macho ya watu yamezoea giza, na mwali mmoja wa ghafla unamfanya mtu asione pa kukanyaga.

Fundi wa kamera na simu, Kisumu

Nitasema yale ninayoyaona mezani kwangu.

Kwanza, kuhusu hoja ya rafiki yako kwamba kipya hakishindwi na kizee. Dada, umesema simu yako ilirudi na madoa ya njano. Ilishindwa kwa sababu sensa yake ni ndogo. Sasa sensa ya TG-6 iko katika jamii hiyo hiyo ya udogo, na simu nyingi za miaka ya karibuni zina sensa kubwa kuliko yake. Ukinunua TG-6 kwa ajili ya usiku, utakuwa umenunua tena tatizo ambalo tayari unalo, safari hii likiwa ndani ya kasha gumu. Mchana simu inakutosha, umesema mwenyewe. Hilo peke yake lingenifanya nikushauri D700.

Pili, namna ya kuikagua kabla ya kulipa. Piga picha moja, kisha uifungue kwenye kompyuta kwa programu inayosoma taarifa za ndani ya faili. Kamera za Nikon huandika humo idadi ya mara ambazo shata imefunguka. Shata ya D700 ilifanyiwa majaribio hadi mara 150,000. Ikiwa imefika 140,000 si kwamba itakufa kesho, ila bei haina budi kushuka. Piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya vumbi kwenye sensa. Vumbi linasafishika, mikwaruzo haisafishiki. Mulika tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma na utafute nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ndiyo kuvu. Fungua mlango wa memori kadi utazame vile visindano vya ndani: D700 hutumia kadi za CompactFlash, na kisindano kimoja kikipinda kamera haitaandika chochote. Kadi hizo zimepungua madukani, kwa hivyo mwambie muuzaji akupe alizo nazo pamoja na kisomeo chake. Mpira wa kushikia ukiwa umelegea usiogope, unabandikwa upya.

Betri yake ni EN-EL3e, ambayo ni ile ile ya D80, D90, D200 na D300, kwa hivyo betri kuukuu zinapatikana. Ikiwa nzima inakufikisha karibu picha 1,000, wakati ya TG-6 ni kama 340. Kwa usiku mzima ziwani tofauti hiyo ni kubwa.

Tatu, kwa yeyote anayesoma haya na anapendelea TG-6: kamera hiyo haiingii maji kwa sababu ya mipira myembamba miwili, mmoja kwenye mlango wa betri na mwingine kwenye mlango wa waya. Unywele mmoja au chembe ya mchanga juu ya mpira huo inatosha kuingiza maji. Nimepokea kamera za aina hii zaidi ya moja zikiwa zimejaa maji, na kila mara mwenyewe aliapa kwamba haziingii maji. Ya kununua mkononi ndiyo ya kuogopa zaidi, kwani hujui mwenye kuitumia kabla yako alifungua milango ile mara ngapi ufuoni. Pia usiiache juani kwenye mashua ikapata moto kisha ukaitia ghafla ziwani: hewa ya ndani hunywea kwa baridi na kuvuta maji kupitia popote palipolegea.

Na kamera yoyote ikilowa, ondoa betri saa hiyo hiyo, usijaribu kuiwasha kuona kama inafanya kazi, na usiizike ndani ya mchele. Unga wa mchele ninautoa kwenye mashine za watu kila mwezi. Ziwa letu halina chumvi, kwa hivyo ikinifikia mapema naweza kuiokoa. Maji ya magadi ya Nakuru au Elementaita hayanipi nafasi hiyo.

Mwalimu, Kakamega

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona TG-6 imehukumiwa kwa kesi moja tu.

Mimi ninayo, na inatumiwa na wanafunzi wa chama chetu cha mazingira katika Msitu wa Kakamega, ambako mvua hunyesha alasiri nyingi za mwaka bila kubisha hodi. Imeanguka kutoka mikononi mwa watoto mara ambazo sizihesabu tena, na watengenezaji walisema itahimili kuanguka kutoka mita 2.1. Inapiga kitu kilicho umbali wa sentimita 1 kutoka kwenye lenzi, na inaweza kuunganisha picha kadhaa zenye fokasi tofauti ili chura mdogo aonekane wazi tangu puani hadi mgongoni. Ili D700 ifanye hivyo lazima ununue lenzi nyingine ya kazi hiyo, nayo haiji kwa bei ndogo. Inaandika pia mahali picha ilipopigwa, jambo ambalo kwa mtu anayeandika historia ya fuo lina maana.

Dada, hebu jiulize pia utathubutu mara ngapi kuitoa D700 ndani ya ile ndoo. Nina rafiki aliyenunua kamera kubwa kwa ajili ya mafuriko ya Budalang'i, na kila mvua ilipoanza aliirudisha begini. Mvua ndiyo aliyokuwa amekuja kuipiga picha. Ninakubali kwamba kwa nyuso zilizo kwenye mwanga wa taa TG-6 haitafika. Kwa magamba ya omena, kwa mikono iliyolowa ikipanga nyavu alfajiri, kwa matone yanayoruka, itafika, tena bila woga.

Muulizaji, Kisumu

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza badala ya kujibu kwa maneno.

Muuzaji wa D700 alikubali kufuatana nami hadi Dunga jioni moja, na mwenye TG-6 akaniachia yake hadi asubuhi. Saa moja na nusu usiku tuliomba mvuvi mmoja awashe taa yake ya LED ufuoni na kuketi kando yake akitengeneza wavu, kama umbali wa mita mbili kutoka nilipo. Nilipiga kwa mipangilio ile ile kwenye kamera zote mbili: f/2, ISO 3200, shata 1/60. Kwenye vioo vidogo vya nyuma picha zilionekana kulingana, na kwa dakika chache nilidhani rafiki yangu alikuwa na haki.

Nyumbani nilizifungua kwenye kompyuta na kuzikuza. Picha ya D700 ilikuwa na chenga kidogo kwenye giza la nyuma, lakini mikunjo ya paji la uso ilikuwapo, na nyuzi za wavu zilihesabika zile zilizokuwa kwenye fokasi. Picha ya TG-6 ilikuwa na uso laini kama nta. Ndevu fupi za yule mzee, ambazo nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, hazikuwepo. Nilijaribu faili lake la RAW, ambalo kamera haijalisafisha, nikazikuta ndevu zimechanganyika na chenga hata sikuweza kusema ipi ni ipi. Nilibaki nimeutazama uso ule kwa muda mrefu. Huyu ni mtu ambaye nataka ajitambue ukutani, na mke wake amtambue.

Kwa haki ya TG-6 niseme pia mengine. Asubuhi niliipeleka kwenye nyavu za kuanikia, nikaisogeza hadi karibu kugusa omena, na picha zile D700 yenye lenzi ya milimita 50 haingeziweza, kwa kuwa inataka umbali wa karibu nusu mita. Mwalimu alisema kweli. Na shata ya D700 ina sauti kubwa. Mzee aligeuka kila nilipobonyeza, hadi alipoizoea.

Fundi, nilifuata maagizo yako moja baada ya jingine. Shata ilikuwa imefunguka mara 86,000, visindano vimenyooka, lenzi haina kuvu ila punje chache za vumbi. Tulipatana shilingi 48,000 pamoja na kadi mbili na kisomeo. Nikanunua ndoo. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na sikutaka kutafuta njia ya kukwepa, nilichukua koti langu la mvua lililochanika, nikamwomba fundi cherehani ashone mfuko wenye tundu mbele, nao unafungwa kwa mpira kuizunguka lenzi. Mbele ya lenzi nimeweka kichujio cha kioo ili maji yakiruka yaguse kioo hicho.

Nimekwisha kwenda nayo usiku mmoja. Nilirudi na picha 140, na kati yake 11 ninazitaka. Katika moja, vijana watatu wamevuta wavu hadi usawa wa kifua, taa iko chini yao, na mwanga umewapanda usoni kutoka kwenye maji yenyewe. Lakini saa tisa upepo uligeuka, mashua ikaanza kupokea maji, na mimi nikafanya kile hasa alichokitabiri mwalimu: niliirudisha kamera ndoani na kubana mfuniko. Wimbi lililompiga mvuvi wa mbele hadi akacheka kwa sauti nililiona kwa macho tu. Picha hiyo sina, na TG-6 ingekuwa nayo, hata kama ingekuwa na chenga tupu. Nimeikubali hasara hiyo nikiijua.

Swali dogo limebaki. Niliporudi alfajiri, kitundu cha kutazamia kilikuwa na ukungu kwa ndani, ukaondoka kabla ya saa nne. Je, ni maji?

Fundi wa kamera na simu, Kisumu

Ukungu unaoondoka wenyewe ni unyevu wa hewa ya ziwa, si maji yaliyoingia. Ila usiifunge kamera kwenye begi ikiwa hivyo, kumbuka lenzi ya ndugu wa Nakuru. Ondoa betri na kadi, vua lenzi, funika kamera kwa kifuniko chake, na uviache vyote mezani chumbani penye hewa hadi jioni, mbali na jua la moja kwa moja. Baadaye vihifadhi ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikichoka weka vingine.

Ukungu ukibaki zaidi ya siku moja, au ukiona tone, usiiwashe. Niletee.

Mpiga makasia, Dunga

Wiki ijayo mbalamwezi itachelewa kutoka. Tukienda, nitakuweka kwenye mashua ya nyuma, ile isiyovuta. Itakuwa na maji machache zaidi, na taa za wenzetu zitakuwa mbele yako.

Muulizaji, Kisumu

Nitakuja. Nitafika ufuoni kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ndoo yangu.